Mkwe Aliyeingia kwa Redio

Wifi yangu alinipigia simu Jumamosi moja alasiri, akasema ametumwa na mama yangu. Ujumbe ulikuwa mfupi: nimwambie mume wangu atoke chumbani kwa mama.

Mume wangu hakuwa Kebirigo, kwa mama, siku hiyo. Hakuwa hata Kaunti ya Nyamira. Alikuwa Kisii mjini, ukingoni mwa uwanja, ameketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, akitangaza mchezo wa raga kwenye redio ya Ekegusii. Lakini mama hakuwa amechanganyikiwa, na mimi sikuhitaji kufafanuliwa. Nilikuwa jikoni kwangu karibu na Sironga, nikikata sukuma wiki na kusikiliza redio hiyo hiyo, na nilikuwa nimesikia kila neno. Simu ilipolia nilikuwa nimeshaweka kisu chini.

Sisi Wagusii tuna neno ensoni. Nimefundisha Kiswahili shule ya upili miaka mingi na bado sijalipatia tafsiri. Ukisema ni haya, umepunguza. Ukisema ni heshima, umezidisha. Ni mpaka kati ya mtu na kizazi kilichomzaa, na hakuna mpaka mkali kama ule wa mwanamume na mama mkwe wake. Mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina. Hamkazii macho. Akija, anakaribishwa sebuleni, anapewa kiti chenye kitambaa kilichofumwa, analetewa chai, na mama mkwe anamsalimia kutoka mlangoni huku akitazama kando. Chumba anacholala mama mkwe, kwa mkwe, ni kama hakijajengwa. Likitokea la kuambiana, linapitia kwa binti. Binti ni mimi, na ndoa yangu kwa sehemu kubwa nimeifanya nikiwa simu.

Mume wangu ni Mwelisi. Usimwite Mwingereza. Mara ya kwanza atakurekebisha kwa upole, mara ya pili upole utakuwa umekwisha. Kwao Welisi alicheza raga tangu utotoni, katika safu ya pili ya skramu, yaani wale warefu wawili wanaosukuma kwa mabega huku vichwa vyao vimebanwa mahali ambapo sitapataja, maana nililelewa vizuri. Kazi hiyo ilimkunja masikio yakawa kama maandazi yaliyoungua upande mmoja. Siku nilipompeleka nyumbani mara ya kwanza, mama alimwangalia kwa pembe ya jicho, akanivuta hadi jikoni, akaniuliza ni mnyama gani aliyemla masikio na kama ugonjwa huo unarithiwa.

Hakuwahi kuwa mchezaji mashuhuri. Alichezea klabu ya mji wao, siku za kazi akiendesha lori la maziwa, Jumamosi akitoa jasho kwenye matope. Aliniambia kwamba watu wa mji ule walimjua kwa mgongo wake kuliko kwa uso wake. Kisha akaumia shingo. Daktari akamwambia skramu moja zaidi inaweza kumlaza maisha yake yote, naye akaacha, akakaa nyumbani akiwachukia wote waliokuwa bado wanacheza. Ndipo redio ndogo ya huko, inayotangaza kwa Kiwelisi, ilipomwomba aketi karibu na mtangazaji wao amsaidie kueleza mambo ya skramu. Alikwenda kusaidia, akabaki na kipaza sauti. Ananiambia bila kuona haya kwamba siku ile alipotangaza peke yake mara ya kwanza alilia ndani ya gari.

Alikuja kwetu kufundisha raga katika shule niliyokuwa nikifundisha. Nilikuwa msimamizi wa netiboli ya wasichana, na uwanja ulikuwa mmoja. Tulianza kwa kugombania uwanja huo, na kwa kweli hatujamaliza. Wageni wakifika Kisii husema vilima vyetu vinawakumbusha kwao, nami huwa natabasamu tu. Yeye hakusema habari za vilima. Alisema kilichomkumbusha kwao ni jinsi sisi walimu tulivyokuwa tukiongea Ekegusii kwenye baraza, halafu mwalimu mkuu akitokea wote tukahamia Kiingereza kwa pamoja bila hata kukohoa. Akanisimulia kwamba bibi wa bibi yake alivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Nikamwambia mimi pia nimekivaa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri.

Kiswahili chake hadi leo kinaniaibisha. Mwalimu wa Kiswahili kuolewa na mtu anayesema "mimi nataka kwenda iko Kisii" si jambo dogo katika chumba cha walimu. Lakini Ekegusii alikishika kwa hamu, kwa sababu alikipata kwa wavulana wake uwanjani na kwa akina mama waliokuwa wakisubiri kupima majani chai kwenye banda la kununulia. Alikuwa akitembea na maneno mdomoni kama mtoto aliyepewa peremende. Kitu kilichomshinda kuamini ni kwamba kwa Ekegusii mama mzazi tunamwita Baba. Alidhani wavulana wanamfanyia mzaha.

Mkataba wake wa shule ulipokwisha haukuongezwa. Hatukuambiwa sababu, nasi hatukuuliza. Tulikuwa tumeshafunga ndoa kanisani, tuna nyumba na kipande cha shamba, akasema atalima. Alipanda migomba kwa mstari ulionyooka kabisa, mahali upepo unapopita, ikalala yote. Alijaribu kuku. Nikirudi kutoka shuleni nilikuwa namkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anaongea chini chini. Siku moja nilisimama kando nikasikiliza. Alikuwa akitangaza kuku: huyu amenyakua punje, yule anamkaba kutoka kushoto, jogoo anaingia kati. Alikuwa akifanya hivyo kwa Kiwelisi, lugha ambayo siielewi, lakini mtu hahitaji kuelewa lugha ili ajue kwamba mume wake anaisha. Niliogopa. Sikuwa nimeogopa hivyo tangu baba alipofariki.

Kwa hiyo redio moja ya Kisii ilipomwita aje kutangaza mchezo mmoja, sikujali kwamba walimwita kama kichekesho. Walitaka watu wamsikie Mzungu akibabaika kwa Ekegusii. Wakacheka dakika chache za mwanzo, kisha wakasahau kucheka. Watu ambao hawakujua raga ni mchezo wa mikono au wa miguu walianza kuuliza mchezo mwingine ni lini. Pale mchezaji anapoweka mpira chini kupata alama, yeye alitumia neno letu la kupanda mche. Skramu akaiita ng'ombe wanaosukumana mlangoni mwa boma. Wachongaji wa Tabaka walimchongea mpira wa raga wa jiwe la sabuni, mzito hata kuunyanyua ni kazi, wakamletea wenyewe mpaka studio. Redio ikampa kazi: michezo ya moja kwa moja Jumamosi, na habari za michezo kila asubuhi.

Kabla hajaanza kazi hiyo nilimkalisha chini. Ekegusii chake kilikuwa cha uwanjani na cha kwenye chai, lugha isiyovaa shati, na redio inasikilizwa na baba, mke wa mwanawe na mkwe wake wakiwa nyumba moja. Raga nayo ni mchezo wa viungo vya mwili. Nilimpa sheria rahisi: chochote kilicho kati ya kitovu na goti kinaitwa mguu. Aliitii kwa bidii ya mgeni. Tangu hapo wachezaji wake wote waliumia mguu. Waliruka wakashikwa mguu, wakaanguka wakakalia mguu, wakasukumana mguu kwa mguu. Msikilizaji mmoja alipiga simu kuuliza vijana hawa wana miguu mingapi. Mimi nilikuwa na furaha. Nilidhani tumeziba kila tundu.

Wakati huo mama alikuwa amelala. Alipata kiharusi, kikamchukua upande wa kulia, mkono na mguu, lakini ulimi na kichwa kikamwachia. Aliishi nyumbani kwake Kebirigo pamoja na kaka yangu na mke wake, ambaye ndiye wifi niliyemtaja. Kaka anafanya kazi ofisini Nyamira mjini na hurudi jioni. Wifi alikuwa akimwosha mama, akimlisha, akimwashia redio kwenye kigoda kando ya mto wa kulalia, kisha anakwenda kuchuma majani chai hadi mchana. Mwanamke aliyekuwa akizunguka mitaa mitano kwa siku alibaki na kile kigoda.

Na redio ile mama hakuisikiliza kwa ajili ya nyimbo. Aliisikiliza kwa ajili ya matangazo ya vifo. Kila asubuhi wanasoma aliyefariki, ni mtoto wa nani, ameolewa wapi, anazikwa lini, na mama aliyafuata matangazo hayo kama wengine wanavyofuata habari za bei ya ndizi. Ndivyo alivyojua dunia yake imebaki na watu gani. Matangazo ya vifo yakiisha, bila hata muziki, zinafuata habari za michezo. Yaani anasomwa marehemu wa mwisho, na mara sauti ya mkwe iko kando ya mto.

Mama hakulalamika. Wifi aliniambia baadaye kwamba siku moja alikuwa amerudi mapema kwa sababu ya mvua, akamkuta mama amejifunika blanketi gubigubi hadi utosini. Akadhani anasikia baridi. Habari za michezo zilipokwisha, mkono wa kushoto ukatoka, blanketi likashuka, mama akaendelea kusikiliza. Redio ilikuwa upande wa kulia, mkono mzima haukuweza kuifikia aizime, kwa hiyo alifanya alichoweza, akajisitiri. Alifanya hivyo kila asubuhi na hakumwambia mtu. Kwa hesabu yake, mkwe hakujua sauti yake imeingia wapi, na asiyejua hana kosa.

Sasa ile Jumamosi. Ilikuwa wakati wa mapumziko katikati ya mchezo. Watangazaji wengine huweka tangazo la sabuni, yeye alikuwa na mazoea ya kujaza kipindi hicho kwa salamu. Akawasalimia wachongaji wa Tabaka, akasalimia soko la Kebirigo, kisha akasema, kwa Ekegusii safi ambacho nilikuwa nimekisafisha mimi mwenyewe: "Na mama mkwe wangu hapo Kebirigo, najua umelala kitandani, redio iko karibu na mto wako. Tuko pamoja. Upone."

Hakuna neno hata moja kati ya kitovu na goti. Hakuna tusi. Mtu wa kabila lingine angesema mkwe ana upendo kweli. Lakini alikuwa amewaambia watu wa kaunti mbili kwamba anajua mama mkwe wake amelalaje na mto wake uko upande gani. Wasikilizaji walijiuliza mara moja kitu kile kile ambacho mama alijua watajiuliza: mkwe ameujuaje mto? Aliujua kwa sababu mimi nilimsimulia, kama mke anavyomsimulia mume habari za mgonjwa. Lakini hilo halikusemwa kwenye redio. Na mbaya zaidi, sasa mama alijua kwamba mkwe alikuwa akijua siku zote. Zile asubuhi zote chini ya blanketi zilikuwa bure.

Jumatatu darasani kijana mmoja wa kidato cha tatu alininong'oneza kwa huruma ya kweli, "Madam, pole. Mzee alichoma," yaani mume wangu alituaibisha. Kwenye chumba cha walimu hawakunong'ona. Kebirigo akina mama wa jumuiya walimtembelea mama kwa wingi kuliko kawaida, wakamwombea, wakakaa, na kila mmoja akatupia jicho kigoda ili aone redio iko upande gani wa mto.

Walikuta kigoda kitupu. Mama alikuwa ameagiza redio itolewe, na wifi akaifungia kabatini. Kaka alimnunulia nyingine ndogo, akamtegea stesheni ya Kiswahili, akamweleza kwamba huko nako kuna habari na nyimbo za dini. Mama aliisikiliza kidogo, akaomba izimwe. Akasema, "Watu wetu hawafi kwa Kiswahili." Kaka alinisimulia hayo akicheka, kisha akakumbuka mimi hufundisha nini.

Nyumba ikanyamaza. Nilipokwenda kumwona mwisho wa juma nilimkuta ameugeukia ukuta. Alikula alipolishwa, alijibu alipoulizwa. Wakati huo huo rafiki yake wa tangu usichana, waliyebatizwa naye siku moja, alifariki upande wa pili wa Nyamira. Tangazo lilisomwa. Mama hakulisikia. Sisi hatukujua kwamba tulipaswa kusikiliza kwa niaba yake. Alipata habari mwanamke yule alipokuwa ameshazikwa, kutoka kwa mgeni aliyedhani mama anajua. Mama hakulia mbele yetu. Aliuliza tu nani alitoa neno kaburini kwa upande wa marafiki, akaambiwa hakuna aliyejitokeza.

Nilirudi Sironga nikiwa na hasira ya kutosha watu wawili, na watu walikuwepo wawili. Nilimkasirikia mama kwa kulala kimya ukutani kwa sababu ya sentensi moja. Nilimkasirikia mume wangu kwa kujifunza lugha ya watu hadi kwenye mifupa na kuacha ngozi. Alinisikiliza, kisha akasema ameshaamua, ataacha kazi. Mama arudishiwe redio yake, yeye atatafuta kitu kingine. Alisema kwa utulivu, na mimi nikatazama kupitia dirisha la nyuma, nikaiona ile ngazi, na kuku. Nikamwambia hakuna mtu anaacha kitu chochote kabla hatujafika Kebirigo.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Kaka alimpokea mume wangu sebuleni akamkalisha kwenye kiti cha wageni. Mimi nikaingia chumbani kwa mama na kuuacha mlango wazi kidogo. Kati ya kiti kile na kitanda kile kuna ukuta mmoja wa matofali, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini ilibidi maneno yatembee kwa miguu yangu. Nilitoka sebuleni na pole ya mume wangu, nikampa mama. Nikatoka na kimya cha mama, nikampa mume wangu. Nikarudi na habari kwamba yuko tayari kuacha kazi. Mama akauliza, akiwa ameutazama ukuta, ni nani aliyemfundisha mkwe kusalimia mtu aliye kitandani. Nikaona ni swali la kumgomba, lakini nikalibeba.

Kaka akaanza kusogeza vikombe mezani. Ndipo mume wangu akasema. Mama yake, kule Welisi, aliugua miaka ya mwisho asiweze kutoka kitandani. Redio ilikuwa kando ya mto. Kila Jumamosi wakati wa mapumziko alikuwa akimsalimia kwa maneno hayo hayo: najua umelala, najua redio iko hapo, tuko pamoja. Alipofariki, alitangaza mchezo mmoja tu. Yalipofika mapumziko alifungua mdomo akakuta hana mtu. Wiki iliyofuata akaanza kutafuta kazi mbali, popote ambapo hakuna anayemjua, na hiyo kazi ikawa shule yetu.

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo. Kwangu alikuwa amesema aliondoka kwa sababu redio ile ilikosa fedha. Nilisimama kati ya milango miwili nikiwa na maneno yale, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikuweza kuyapeleka. Nililia pale pale ukumbini, mwalimu mzima, na sikujali kaka ananiona.

Haikuwa lazima niyapeleke. Mama alikuwa ameyasikia, kama alivyosikia mengine yote. Kitanda kililia. Alikuwa akijigeuza kutoka ukutani kwa mkono mmoja, na nilipoingia kumsaidia akanizuia kwa macho. Kisha akainua sauti. Hakunipa mimi ujumbe. Aliongea moja kwa moja na ukuta wa pili, uliokuwa mbele yake sasa, na nyuma ya ukuta huo aliketi mkwe wake.

"Redio ikae sebuleni, kwenye kiti cha wageni, na mlango wangu uwe wazi," alisema. "Mkwe atangaze akiwa sebuleni kama wakwe wengine. Lakini mimi asinisalimie. Mimi ni mkwe wake, si mama yake." Akapumzika, maana pumzi zilikuwa kidogo. "Amsalimie mama yake. Nitakuwa nasikia."

Mume wangu alisimama alipokuwa, akainamisha kichwa mbele ya ukuta, akaketi tena. Kaka akamimina chai. Tulipokuwa tukiondoka mama alikuwa ameshamwambia wifi afungue kabati.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kebirigo. Redio ilikuwa juu ya kitambaa kilichofumwa, kwenye kiti kikubwa, na mlango wa chumba cha mama ulizuiwa usijifunge kwa ule mpira wa jiwe wa Tabaka, ambao mume wangu alinipa niubebe. Mchezo ulipoanza wifi alileta kikombe cha chai na kukiweka mezani mbele ya redio. Nilimtazama. Akasema ameagizwa, mkwe haachwi hivi hivi. Tulijizuia kucheka kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Kilikuwa kipindi cha kwanza kibovu, mvua, matope, mpira ukiteleza, vijana wakiumia mguu. Filimbi ya mapumziko ikalia. Akasalimia wachongaji, akasalimia soko. Kisha akanyamaza, nami nikajua kule uwanjani ameondoa mdomo kwenye kipaza sauti. Aliporudi aliongea Kiwelisi. Maneno machache tu, ya chini chini, na nina hakika kati ya watu wote waliokuwa wakisikiliza Kisii na Nyamira siku hiyo hakuna hata mmoja aliyeyaelewa. Wifi aligeuka kuniuliza amesema nini.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mama ilitoka chumbani, dhaifu lakini ya kawaida, sauti ya mtu anayeitikia salamu ya mtoto aliyerudi nyumbani. Akamjibu kwa Ekegusii, "Niko salama, mwanangu, endelea na kazi."